Namba Saba ya Jengo la Mbele

Sharti lilikuwa moja tu, na binti alilitamka kwenye simu polepole, kama mwalimu anayesoma imla.

"Mama, karibu. Kaa hata mwezi. Lakini usiguse kitu. Ukihamisha hata kikombe, tutaachana vibaya."

Matroni alikubali. Angefanyaje? Alikuwa ameomba mwaliko huo kwa kila njia isipokuwa kwa kuomba.

Kila mtu alimwita Matroni, hata mumewe, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alilisimamia bweni la shule ya wasichana, na mikono yake ilikuwa imezoea kupita juu ya kila shuka ikitafuta mkunjo. Mumewe alipenda kusema kwamba hata siku ya kufa, mwanamke huyu atainuka kidogo ainyooshe sanda.

Kosa lake lilijulikana ukoo mzima. Binti yake hupaka rangi na kuchora vitambaa, kisha huviuza kwa wenye maduka. Safari iliyopita, Matroni alikuta kwenye kona ya chumba chake bunda la vitambaa vyenye madoadoa, vimekunjamana, vinanuka dawa. Akavipigia deki. Viwili akafutia madirisha. Kumbe ndiyo kazi yenyewe, ya miezi, na mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake. Binti hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alikaa kwenye sakafu, ambayo kusema kweli ilikuwa inang'aa, akasema, "Mama, rudi nyumbani." Tangu siku ile walibaki na salamu za simu: hujambo, sijambo, baba hajambo, haya. Mwaka ukapita, na mwingine ukaushika mkia.

"Nikiharibu safari hii," Matroni alimwambia mumewe akifunga zipu ya begi, "sitaalikwa tena. Nitazikwa nikiwa mama wa kwenye simu."

"Basi ukifika, ikalie mikono yako."

"Nitaikalia."

"Yote miwili," mumewe akasema, maana alimjua.

Maelekezo ya binti yalikuwa mafupi: ghorofa ya tatu, namba saba, ufunguo uko kwa mlinzi, mimi natoka karakana jioni. Teksi ilimshusha Matroni saa nne asubuhi mbele ya jengo refu lenye rangi ya chai ya maziwa. Dereva alianza kusema, "Mama, haya majengo yako..." lakini Matroni alikuwa ameshafunga mlango. Yeye si mtu wa kuulizauliza njia. Jengo ni hili, lango ni hili, mlinzi ni yule pale anabangua karanga.

"Nimekuja namba saba," akamwambia.

Mlinzi alimpima kuanzia kitambaa cha kichwani hadi begi. "Aa, namba saba. Nimeachiwa maagizo. Ila niliambiwa utakuja mchana."

"Nimekuja sasa."

"Sawa, mama. Ufunguo huu hapa. Utapanda kwa miguu, lifti imekufa."

"Imekufa lini?"

"Mimi nilipoajiriwa niliikuta maiti."

Matroni alipanda ngazi, akafungua mlango wa namba saba, akasimama kizingitini kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Sebule ilikuwa imejaa maboksi, mengine wazi, mengine yamefungwa kwa kamba. Vyombo vilipandana kwenye sinki hadi usawa wa bomba. Kitandani godoro lilikuwa tupu, na juu yake nguo zimerundikwa kama kichuguu. Pazia moja lilining'inia kwa pete mbili. Mikono ilianza kumwasha.

Akakumbuka. Akaketi ukingoni mwa kochi, akaikalia mikono yote miwili, akatazama ukuta. Binti yangu ni mtu mzima, akajiambia. Uchafu ni wake. Vumbi ni lake. Kikombe kile chenye ukoko wa chai ni chake, na kama anataka kukifuga, akifuge.

Huenda angeshinda hivyo hadi jioni, kama asingeviona viatu. Vilikuwa chini ya meza, viatu vya kiume, vikubwa, kila kimoja kinatosha kumbeba mtoto mchanga. Matroni akaondoa mkono mmoja. Akainuka. Nyuma ya mlango wa bafu kulikuwa na ovaroli. Juu ya sinki la bafu, wembe wa kunyolea ndevu. Akarudi chumbani akaukoroga ule mlima wa nguo: mashati, suruali, soksi mojamoja zisizo na wenza. Hakuona hata uzi mmoja wa kitambaa cha rangi, wala brashi, wala kopo la dawa, na hilo ndilo lililomchoma kuliko vyote. Kumbe binti ana mwanamume ndani, na mwanamume mwenyewe amemwachisha kazi.

Sasa alilielewa lile sharti. Usiguse kitu maana yake ilikuwa usione kitu.

Kwa hesabu ya Matroni, mwenye siri hana haki ya kuweka masharti. Mkataba ulikuwa umevunjwa na upande wa pili. Akafunga khanga kiunoni.

Kuna watu wakikasirika hulia, wengine hulala. Matroni hufanya usafi. Aliosha vyombo kwa hasira, akavipanga kwa ukubwa. Alizisugua sufuria mpaka zikakumbuka ujana wao. Alikunja mashati ya yule mwanamume huku akimwambia kila shati maneno ambayo angemwambia mwenyewe. Alipiga deki sebule, chumba, ukumbi na ngazi tatu za nje ambazo hazikuwa za mtu yeyote. Akatandika kitanda, kona zimebanwa kama bahasha. Mwisho, kwa kuwa hasira ilikuwa bado imebaki na viazi vilikuwepo, akavimenya, akakaanga vitunguu, akainjika chakula. Atakapokuja huyo bwana, alisema moyoni, nitamhoji akiwa ameshiba. Mtu mwenye njaa hudanganya ovyo.

Saa tisa ufunguo wa pili ukazunguka mlangoni. Akaingia mtu mrefu, mwembamba, ana begi la vyuma begani na grisi mpaka kwenye nyusi. Aliitazama sakafu, akarudisha mguu nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu."

"Nimeshavua."

"Na soksi."

Akazivua. Alizungusha macho kwenye sebule kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani yake tajiri. "Mama, kazi hii umeifanya peke yako?"

"Kwani nilimkuta nani wa kunisaidia? Nawa mikono. Keti."

Mtu yule alinawa, akaketi. Wakala wa wafanyakazi wa ndani ndiye aliyemtafutia mtu wa usafi, na alimwonya mapema kwamba mama atakayekuja ni mkali kidogo lakini kazi anaijua. Aliona wakala amesema kweli, tena amepunguza. Matroni akamwekea sahani, akaketi mbele yake, akakunja mikono.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi wa lifti, mama."

"Fundi wa lifti. Na lifti ya hapa je?"

"Hii si ya kampuni yetu. Nikiigusa ni kesi."

"Mganga hajigangi. Unakunywa pombe?"

Fundi akaacha kutafuna. Siku hizi, akawaza, wafanyakazi ndio wanaowafanyia usaili waajiri; dunia imebadilika. "Hapana, mama. Soda tu."

"Unagombana na watu? Unapiga?"

"Sijawahi kumpiga mtu. Labda mbu."

"Wazazi wako wanajua unavyoishi hapa?"

"Wanajua. Mama yangu ndiye aliyenipa wazo hili. Alisema siwezi peke yangu."

Matroni alipiga hesabu. Kumbe upande wa pili wanajua, tena wamebariki, na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa. Akajiegemeza mbele. "Sasa sikiliza, kijana. Nijibu mara moja. Nia yako hasa ni nini?"

"Nia yangu?" Fundi alifikiri kwa uaminifu wote. "Nia yangu nyumba iwe safi kabla ya kesho. Kesho mke wangu anafika na watoto."

Kijiko kilichokuwa mkononi mwa Matroni kilishuka taratibu mezani.

"Mke wako."

"Ndiyo, mama."

"Na watoto."

"Wawili. Wa kwanza ana fujo, lakini utamzoea."

"Na mwanangu je?" Sauti ya Matroni ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo wasichana wa bweni walijua kukimbia. "Mwanangu unamweka wapi?"

Fundi akaona aibu ya kweli. "Samahani, mama, sikujua kwamba na mwanao anatafuta kazi. Wakala nilimwomba mtu mmoja tu."

Wakatazamana. Chungu cha akili kikaanza kuchemka pande zote mbili za meza.

"Wakala gani?" Matroni akauliza.

"Wa wafanyakazi wa ndani. Wewe si mama wa usafi?"

"Mimi ni mama wa mwenye nyumba. Binti yangu anaishi hapa. Ghorofa ya tatu, namba saba."

"Jengo lipi, mama?"

"Kwani yako mangapi?"

"Mawili. Hili la mbele, na lile la nyuma. Yamejengwa na mtu mmoja, ramani moja, rangi moja. Hata mimi wiki ya kwanza nilikuwa nakosea." Fundi akanyoosha kidole kwenye dirisha la jiko.

Matroni hakuangalia dirishani. Aliangalia vyombo alivyovipanga, mashati aliyoyatukana, kitanda cha mke wa mtu alichokitandika. Fundi alianza kucheka kwa puani, akajizuia, akashindwa, akalala juu ya meza.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "ulikuwa unanihoji nikuolee binti."

"Kula viazi vyako," Matroni akasema, lakini mabega yake nayo yalikuwa yanatikisika. Alicheka mpaka khanga ikafunguka. Aliomba radhi huku anacheka, na fundi akamwambia aache kabisa, maana kama huku ndiko kukosea, akosee na kesho.

Kisha fundi akaacha kucheka. "Lakini mama. Kama wewe uko hapa, yule wa wakala yuko wapi?"

Mlinzi wa mbele aliambiwa atakuja mama, namba saba, apewe ufunguo. Mlinzi wa nyuma naye aliambiwa atakuja mama, namba saba, apewe ufunguo. Hawakuhitaji kulisema. Wote wawili walikwenda dirishani. Pale ng'ambo ya ua, kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, kulikuwa na kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu ya kamba vitambaa vya rangi, vya bluu na vya manjano na vyekundu kama pilipili. Mwanamke mnene mwenye aproni, mikono ya blauzi imekunjwa hadi kwenye viwiko, alikuwa anaving'oa kimoja kimoja, miguuni pake ipo ndoo.

"Atavipigia deki," Matroni akasema.

Alitoka bila viatu. Fundi naye, akiwa peku hivyohivyo, akalinyakua begi la mgeni, akamfuata. Walishuka ngazi, wakampita mlinzi, ambaye aliona bwana mwenye nyumba anamkimbiza mama wa usafi akiwa na begi mkononi, akasimama, akafikiri, akaketi tena kwenye karanga zake. Matroni mbio aliziacha shuleni, lakini siku hiyo zilimrudia. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: binti atarudi jioni, atakuta kazi yake imeharibiwa na mwanamke aliyechukua ufunguo kwa jina la mama yake. Nani atamwamini kwamba si yeye? Hata yeye mwenyewe asingejiamini.

Lifti ya jengo la nyuma ilikuwa nzima. Mlango ukajifunga polepole, kwa heshima zake zote.

"Ongeza mwendo," Matroni akasema.

"Mama, lifti haina gia."

"Si wewe fundi wake?"

"Ndiyo, na niliifunga mwendo wa kutoua watu."

Mlango wa namba saba ulikuwa wazi. Matroni aliingia kwa kasi, akapita sebule bila kuitazama, akafika kwenye roshani na kumshika yule mwanamke mkono.

"Usiguse kitu. Tafadhali. Hata kimoja."

Mwanamke wa usafi alimtazama kwa utulivu wa mtu aliyeona nyumba nyingi. "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Mimi ni mama yake. Hivyo si matambara."

"Nani kasema ni matambara? Mimi natembea na tambara langu, sijawahi kufutia kitu cha mtu nisiyemjua." Akanyoosha kidevu juu. "Tazama mbinguni, dada. Rangi haijakauka. Unanishika mkono mimi, ungelishika lile wingu."

Tone la kwanza lilianguka kwenye pua ya Matroni. Lilikuwa zito kama sarafu.

Hapo hapakuwa na muda wa utambulisho. Mvua ilianza kushuka kwa mshazari, ikiielekea kamba, na vitambaa zaidi ya nusu vilikuwa bado juu. "Usivikunje," mwanamke wa usafi akaamuru, "rangi itahamia upande wa pili." "Usiviburute," Matroni akaamuru. Fundi, aliyekuwa mrefu kuliko kamba, alichomoa vibanio na kuvishusha vitambaa, akiamrishwa kutoka kulia na kushoto, akiitika "ndiyo mama" pande zote. Ndani meza ilijaa, viti vikajaa, mlango wa kabati ukavikwa cha bluu. Kitambaa cha mwisho, kile chekundu, kilikuwa kirefu kuliko vyote na hapakuwa na pa kukitandaza. Matroni akakishika kwa ncha mbili, akainua mikono juu kadiri ilivyofika, akasimama katikati ya sebule kama mlingoti.

Ndivyo binti yake alivyomkuta.

Alikuwa mlangoni, mkoba mkononi, maji yanamtiririka usoni; mvua ilikuwa imemkimbiza atoke karakana mapema kuokoa kazi yake. Aliona roshani tupu. Aliona mwanamume peku asiyemjua, ana grisi kwenye nyusi na kitambaa cha manjano mabegani. Aliona mwanamke mwenye ndoo. Na katikati aliona mama yake, mikono yote miwili imeshika kile alichokatazwa kukishika.

"Mama," akasema.

Matroni angeweza kueleza. Alikuwa na maelezo mengi, tena mazuri. Lakini alimtazama mtoto wake akiwa amelowa pale mlangoni, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Nimegusa. Na vile vya safari ile, nilikosea. Sikukwambia."

Binti alizunguka sebule taratibu, akainama juu ya kila kitambaa, akakipima kwa ncha ya kidole. Watu watatu wazima walisubiri kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alipofika kwa fundi alikitazama kile cha manjano, mgongoni na kifuani.

"Rangi haijahama," akasema.

"Sijapumua, dada," fundi akasema.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni namba saba ya jengo la mbele. Mama yako amenifulia."

"Sijamfulia, nimemkunjia," Matroni akamsahihisha kutoka chini ya kitambaa chekundu. "Na aliposema ana mke, nilitaka kumpiga kwa kijiko."

"Kwa nini umpige?"

"Nilidhani ni mumeo wa siri."

Binti alimtazama fundi kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu. "Huyu?"

"Ana mashati mabaya, lakini ana adabu," Matroni akasema.

Hapo mwanamke wa usafi ndiye aliyeanza, kicheko kinene kilichoanzia chini ya aproni, na hakuna aliyebaki. Habari ilisimuliwa vipandevipande, kila mtu akimnyang'anya mwenzake: viatu, soksi, usaili, lifti isiyo na gia. Binti aliteleza ukutani mpaka akaketi sakafuni, anajifuta macho kwa mkono uliolowa. Ilipofika mahali pa "na mwanao anatafuta kazi", aliomba wanyamaze kidogo apumue.

Mwanamke wa usafi akasema kuwa yeye siku yake imekwenda upande, nyumba aliyotumwa imeshafanywa na hii hakutumwa. Fundi akamwambia ahesabu amefanya kazi, tena kesho aje, maana mke wake akikuta nyumba imepangwa vile atataka ibaki vile, na yeye peke yake hawezi. "Halafu mama," akamgeukia Matroni, "chumvi umeiweka wapi? Na mswaki wangu? Naiogopa nyumba yangu kuingia."

"Chumvi iko juu ya jiko, kushoto. Mswaki nimeutupa. Ulikuwa umezeeka."

"Mama," binti akasema.

"Nitamnunulia mwingine," Matroni akasema haraka.

Walikunywa chai wote wanne wamesimama, maana viti vilikuwa na wageni wengine. Nje mvua ilikuwa inapiga roshani. Matroni alikunywa kwa kusaidiwa na mwanamke wa usafi, aliyemshikia kikombe mdomoni, kwa kuwa alikataa kukiachia kitambaa. Macho yake yalikwenda kwenye sinki, yakahesabu vilivyomo, yakaona doa kwenye ukuta wa jiko, yakaona rafu imeinama. Yakarudi. Hakusema neno, na mumewe angekuwepo angeomba watu wawili washuhudie.

"Mikono haijachoka?" binti akamuuliza.

"Imechoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimekatazwa mambo mengi hapa, sikujua kama kusema kunaruhusiwa."

Binti aliweka kikombe chini, popote tu, akaja mbele yake. Akashika ncha za chini za kitambaa chekundu, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni, na kitambaa kikafunguka kati yao, kipana, kimejaa ndege weupe waliokuwa wamejificha kwenye mikunjo.

"Kinatakiwa kikauke kimenyooka," akasema. "Shika hivyo hivyo. Usivute."

"Sivuti."

"Unavuta, mama."

"Nimelegeza. Wewe ndiye unayevuta."

"Haya, wote tulegeze."

"Nikilegeza zaidi ya hapa kitaanguka," Matroni akasema, akalegeza.